Kilo Tatu za Huseni

Huseni alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha Kitomanga. Tangu asubuhi mpaka alasiri alikaa kibarazani, macho yake kwenye sindano. Alikuwa mtu wa kuchoka. Hakuchoka kama mkulima, ambaye akilala anapona. Uchovu wake aliamka nao. Akipanda kilima cha shule ilibidi asimame mara mbili, ajifanye anatazama mikorosho.

Ndani ya nyumba alilala kaka yake, Fakihi. Mwaka uliopita presha ilimpanda, kiharusi kikampoozesha upande mzima wa kulia. Kila jioni Huseni alimlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu. Kila jioni aliwaza lile lile: baada ya huyu ni mimi. Maana zahanati walishampima yeye pia. Presha ilikuwa juu sana, na uzito kilo tisini na mbili. Romana, muuguzi wa zahanati, alimpa vidonge, akamwambia apunguze mwili.

Huseni aliogopa kweli. Wakati ule vijiji vya ujamaa vilikuwa na mgambo, basi akaenda kujiandikisha apate mazoezi. Kila alfajiri, watu wakitoka msikitini, alijipanga uwanjani pamoja na vijana waliozaliwa yeye keshaoa. Severini, aliyewafundisha, hakuwa na huruma.

"Kushoto, kulia! Fundi, hilo tumbo linapiga kwata yake peke yake!"

Vijana walicheka. Huseni alikimbia. Alirudi nyumbani magoti yanamuuma, akajitupa mkekani.

"Pole, baba Esha," alisema Kidawa, mkewe. "Kazi ya askari si kazi ya cherehani. Mtu anayekimbia hivi hapewi chai kavu."

Akaanza kumpikia uji wa muhogo kwa tui zito na sukari. Huseni alikunywa bakuli mbili. Ugali wa mchana nao ukaongezwa. Tena ulikuwa msimu wa korosho, na mfuko wa kaptula yake haukukosa korosho za kuchoma. Alitafuna akishona, alitafuna akipumzika. Nani Kitomanga anazihesabu korosho? Kwao hicho si chakula, ni kitu cha kuchezesha mdomo tu.

Zamani Huseni ndiye aliyechota maji. Alibeba madebe mawili kwa mzega, ule mti wa begani, asubuhi na jioni. Sasa akiombwa alijibu, "Mke wangu, mimi leo nimeshakimbia." Kidawa akajitwika ndoo akaenda. Jembe kwenye shamba la kijiji lilikuwa lake, chungu kilikuwa chake, na mgonjwa alimgeuza yeye mchana kutwa. Alichoka mpaka akawa anasinzia akitwanga. Lakini hakusema. Alitaka mumewe apone.

Wiki ya sita Huseni alipita kwenye ghala la korosho. Watu walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Akavua viatu, akapanda mizani. Karani akapima, akapima tena.

"Tisini na tano."

"Rudia."

"Nimerudia, fundi. Tisini na tano. Tena daraja la kwanza!"

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Huseni naye alicheka, maana mtu mzima halii mbele za watu. Moyoni alilia. Alfajiri zote zile, na kilo tatu zimeongezeka!

Jioni, akimlisha Fakihi, aliweka kijiko chini. "Mgambo nimeacha, mama Esha," alisema. "Mwili huu haunitaki. Acha yanifike."

Kidawa hakubishana naye. Kesho yake alimpeleka zahanati, akimtanguliza mbele kama mbuzi wa mnada.

"Shikamooni," alisema Romana.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukurudishia ushauri wako," Huseni alijibu, akamweleza yote.

Romana alimsikiliza mpaka mwisho. "Usishtuke na mizani," alisema. "Mtu akianza mazoezi, misuli huuma na kujaa maji. Baadaye hukua kidogo. Kilo moja au mbili zinaweza kuongezeka wiki za mwanzo, na wala si mafuta. Kiuno ndicho kitatuambia zaidi. Una futi?"

Fundi gani hana futi shingoni? Huseni alijipima haraka, uso umechangamka. Suruali yake ya mwisho aliikata kwa inchi arobaini na mbili. Futi ilisoma arobaini na nne.

"Basi si misuli tu," alisema Romana, wala hakumficha. "Unakula nini?"

Kidawa alitaja uji, tui, sukari na ugali. Huseni akatia mkono mfukoni, akamwaga korosho mezani. Zilikuwa nyingi.

"Korosho ni chakula, tena kizuri, lakini ina mafuta mengi," Romana alisema. "Viganja viwili vya hizi vinaweza kurudisha yote uliyoyatoa uwanjani. Kula chache, tena mahali pa kitu kingine, si juu ya vyote. Na ukitoka kwenye kwata unafanya nini?"

Huseni alianza kuzirudisha korosho mfukoni. Kidawa ndiye aliyejibu, akitazama sakafu.

"Analala. Maji nachota mimi. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana."

Huseni alimtazama mkewe. Aliona jinsi alivyokonda. Aibu ilimshika.

"Saa moja ya mazoezi haifuti siku nzima ya kukaa," alisema Romana. "Na nani alikuambia uanze kwa kukimbia? Mwenye presha kama yako huanza kwa kutembea, kidogo kidogo. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama, uje hapa. Chumvi punguza. Vidonge usiache hata siku moja."

Huseni alirudi mgambo. Severini alimruhusu kutembea wenzake wakikimbia, ingawa mdomo wake haukupumzika. Uji ukawa bakuli moja, bila sukari. Mboga zikaongezwa, ugali ukapungua. Kila baada ya nguo mbili alisimama, akazunguka nyumba. Na mzega ukarudi begani kwake, asubuhi na jioni. Siku nyingine alichoka, akatamani kulala. Alikwenda hivyo hivyo.

Mwezi wa nne wa mazoezi Romana alimpima. Kilo zilikuwa tisini, kiuno inchi arobaini.

"Kilo mbili tu toka nilipoanza?" Huseni aliuliza.

"Subiri." Romana alimfunga kipimo mkononi, akapima presha. Akapima mara ya pili, kisha akatabasamu. "Imeshuka, ndugu Huseni. Imeshuka vizuri. Endelea na vidonge. Na kaka yako asilale tu. Mkalisheni, msimamisheni, mtembezeni."

Huseni alipanda kilima cha shule bila kusimama. Alifika nyumbani, akainama kitandani.

"Kaka, presha yangu imeshuka."

Fakihi alimkazia macho. Ulimi wake ulikuwa mzito, akahangaika nao kwa muda mrefu.

"Wewe... usilale... hapa."

"Silali, kaka. Na wewe umelala vya kutosha."

Akampitisha mkono begani, akamwinua. Ule mguu wa kulia uliburutika, lakini ulisogea. Walipiga hatua tatu mpaka mlangoni, wote wawili wakihema. Kidawa alikuwa amekaa nje, amenyoosha miguu. Aliwaona, akasogea, akawapa nafasi kwenye mkeka.