Gololi za Mzee Jaffar

Lilianza gurudumu. Limetundikwa kwenye msumari, halina tairi, halina mnyororo, na alasiri moja likazunguka lenyewe. Upepo hakuna, Temeke nzima hata jani la mpapai lilikuwa limelala.

Polikarpo alilishika, likatulia. Akarudi kwenye msasa wake. Fundi gani huyo, jamani! Baiskeli iliyokufa tangu enzi ya Mjerumani aliifufua mpaka ukaona haya kuikalia. Na vipuri, ambavyo baada ya vita ya pili havikupatikana hata kwa dawa, yeye alikuwa navyo chumba kizima uani, ndani ya makopo, amevikusanya kimoja kimoja kwa miaka kumi na mitatu.

Gurudumu lile lilikuwa la marehemu Mzee Jaffar, Mwarabu muuza halua, ambaye na miaka yake sabini alikuwa akipanda kilima cha Pugu na masanduku mawili nyuma ya baiskeli, jasho halimtoki. Mpwa wake alimuuzia Polikarpo baiskeli hiyo siku ya tatu ya matanga.

"Vitu vya marehemu havitawanywi kabla ya arobaini, Baba Ansbert," mkewe, Kokuberwa, alimwonya.

"Hayo ya watu wa pwani. Sie wa Bukoba yanatuhusu nini?"

Akaivunja siku hiyo hiyo: fremu huku, pedeli kule, na gololi zake za chuma, zile zinazozungusha magurudumu, akazimwaga kwenye kopo moja na gololi nyingine zote.

Kesho ya siku ile alipolishika, alasiri, gurudumu likazunguka tena, safari hii na harufu ya iliki na sukari inayoungua. Lilipotulia, Polikarpo alikuwa ameloa jasho, mapaja yanatetemeka, na mchana kutwa alikuwa kigodani. Siku ya kumi alitembelea fimbo. Siku ya ishirini alikuwa mkekani, macho darini, huku nyuma ya ukuta gurudumu likilia krrr, krrr, na miguu yake ikikanyaga hewa, ikipanda kilima asichokiona, iliki ikimjaa kooni, na kila alipodhani amefika kileleni mlima ukaongezeka, naye hana hata pumzi ya kupiga ishara ya msalaba.

"Mama Ansbert," alinong'ona, "siumwi. Nimechoka tu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Kokuberwa akamleta Bi Wahiba, mganga wa Tabata. Alinusa mlangoni tu, akavuta ushungi.

"Ulidhani mzee yule anapandishwa Pugu na halua?" alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na jini. Lilimkanyagia miaka arobaini. Sasa linataka kukanyagiwa. Baiskeli ingeachwa nzima mpaka arobaini isomwe, lingekwenda zake. Wewe umeichinja. Rudisha kwa mjane kila kilichokuwa chake, kisibaki hata kimoja, la sivyo utakanyaga mpaka ufe."

"Gololi nimezichanganya, Bibi."

"Unazijua zake?"

"Gololi ni gololi."

"Basi peleka zote."

Siku ya thelathini na tisa tangu mzee afe, mkokoteni ulitoka uani na gurudumu, fremu, pedeli na makopo yote. Polikarpo hakulia, nguvu ya kulia ataitoa wapi? Bi Samiha, mjane, akapokea. Kesho yake khitma ya arobaini ikasomwa. Alasiri ikapita kimya. Polikarpo akalala, akaamka kula, akalala tena.

Siku ya tatu aliamshwa na kengele ya baiskeli mlangoni. Alikuwa jirani, Mwalimu Gregori, meno yote nje.

"Fundi, shikamoo! Wewe mchawi wewe! Baiskeli uliyonitengenezea mwezi uliopita, leo nimepanda nayo Pugu. Wala sikukanyaga! Nitazame, jasho liko wapi?"

Polikarpo alilitazama gurudumu la nyuma. Akaukumbuka mkono wake mwenyewe, wiki ile ile aliyoivunja baiskeli ya marehemu, ukichota gololi kwenye kopo lile lile.

"Umepanda saa ngapi, Mwalimu?"

"Si sasa hivi, alasiri hii! Ulikuwa umelala?"

Harufu ya iliki iliingia mlangoni pole pole. Polikarpo akapapasa fulana yake mgongoni. Ilikuwa imelowa chapachapa.