Fukusi wa Kiende

Jumapili baada ya kanisa, Kanana alikuwa jikoni akichagua njahi, yale maharagwe meusi, za kupika. Binti yake, Kiende, aliingia na simu mkononi.

"Wamesemaje, mwari?" Kanana alimuuliza.

"Hawanitaki kazini. Hao ni wa tisa kunikataa."

Kiende alisoma chuo kikuu. Alisomea jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Alitaka sana kazi ya utafiti. Lakini baba yake, Salesio, alikuwa amechoka kungoja.

"Mwezi ukiisha utaenda Makutano," alikuwa amemwambia. "Mjomba Bundi anataka mtu wa kuuza misumari dukani kwake."

Jirani yao, Felicitas, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Yeye hufanya kazi katika maabara ya utafiti.

"Hebu nione unachowatumia," alisema.

Kiende akaleta bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua ya chifu, barua ya pasta, cheti cha ubatizo na cheti cha kwaya.

Felicitas alicheka akashika mbavu. "Kwani unaolewa? Mtafiti atajuaje kwamba unaweza kutafiti?"

"Sina kitu kingine," Kiende alimjibu.

"Na zile chupa chini ya kitanda?" Kanana akadakia. "Huyu anafuga fukusi! Mimi nawaua, yeye anawalisha. Wageni wakija naona haya."

Felicitas aliacha kucheka. "Zilete."

Zilikuwa chupa kumi na mbili za jemu, zimefungwa kitambaa, kila moja na tarehe yake.

"Niliwatoa fukusi kwenye kunde, nikawaweka kwenye njahi," Kiende alieleza. "Wengi walikufa. Wachache waliopona wakazaa. Watoto wao wakapona wengi kidogo. Sasa ni kizazi cha kumi na tano, na njahi wanazila vizuri. Nimewahesabu wote kwenye daftari."

"Na hayo hukuyaandika kwenye barua zako?" Felicitas alishangaa. "Sikia. Usitume barua moja kila mahali. Fungua tovuti za vyuo na vituo vya utafiti. Tafuta mtu anayechunguza wadudu. Soma kazi yake, kisha mwandikie yeye kwa jina. Mwambie ulijiuliza nini, ulifanya nini, uliona nini. Shahidi wako awe mwalimu aliyekufundisha. Chifu apumzike."

Kiende aliwaandikia watafiti watatu, kila mmoja barua yake. Wawili hawakujibu. Wa tatu, Daktari Rwamba, alipiga simu siku mbili kabla ya mwezi kuisha.

"Kizazi cha sita kilipungua ghafla. Kwa nini?"

"Nilisahau chupa juani. Ni kosa langu."

Kanana, aliyekuwa akisikiliza kando yake, akajishika kichwa. Lakini daktari alicheka.

"Ukiandika hata makosa, naweza kuamini hesabu zako. Njoo Jumatatu. Utakuwa msaidizi wangu kwa mwaka mmoja."

Kanana alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Kesho yake Salesio alipeleka kahawa kiwandani Githongo. Kwenye foleni alitabasamu peke yake.

"Nasikia msichana wako amepata kazi. Kazi gani?" Kaberia, rafiki yake, alimuuliza.

"Anachunguza jinsi viumbe wanavyobadilika."

"Hata watu?"

"Hata sisi. Lakini ameanza na fukusi. Wao hawabishani."