Msindikizaji wa Jumatano

Kila siku ya shule Nukta alifika nyumbani saa saba na nusu, akavua sare, akala, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya mama yake kushona vifungo. Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Yeye alikata na kuunga vitambaa. Nukta, mwenye miaka kumi na miwili, alishona vifungo, sita kwa shati la mtoto na saba kwa la mkubwa. Nukta lilikuwa jina la utani alilopewa na dada yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mtoto wa rika lake aliye mfupi kuliko yeye.

Dada yake alisoma kemia, mwaka wa pili, katika chuo kikuu kilichokuwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Idara yao ilikuwa na mhadhiri mmoja ambaye wanafunzi walimwita Saini, maana hakuna alama iliyokwenda popote bila saini yake. Ripoti za maabara za wavulana alizirudisha darasani kupitia kiongozi wa darasa. Za wasichana zilibaki ofisini kwake, na kila msichana aliitwa aje kuifuata yake, peke yake. Alipoulizwa sababu, alisema, "Wasichana wanahitaji maelezo zaidi."

Kwa hiyo wasichana walijipangia utaratibu wao, wakauita zamu. Hakuna aliyeingia ofisini kwa Saini bila msindikizaji. Mmoja aliingia, mwenzake akakaa kwenye benchi la korido, na mlango ukaachwa wazi kwa kuwekewa kitabu kinene chini. Waliandika zamu zao nyuma ya daftari, nani na nani, siku gani, saa ngapi. Walicheka walipokuwa wakiandika. Hawakumwambia mtu mzima yeyote, kwa sababu waliamini watu wazima wa idara walijua.

Jumatano moja, msindikizaji wa dada alipatwa na homa. Dada alifika nyumbani akiwa na haraka.

"Nukta, acha vifungo. Leo wewe ndiye mlinzi wangu."

"Kwani huyo mwalimu wenu anauma?"

Dada hakucheka. "Kaa mlangoni tu. Usiondoke mpaka nitoke. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Nukta, sitanii."

"Na mimi sitanii. Nitakaa."

Saa nane kamili walikuwa ghorofa ya pili. Dada aliweka kitabu chini ya mlango, akaingia. Nukta akakaa kwenye benchi, miguu ikining'inia. Kutoka pale aliona meza, kabati la chuma na nusu ya uso wa Saini, mtu wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Walizungumza mambo ya ripoti. Zilipita dakika kumi. Kisha Saini akatoka hadi mlangoni.

"Mwanangu, umechoka kukaa, eh? Umewahi kuona mifupa ya binadamu? Mtu mzima kabisa, amesimama ndani ya kabati la kioo?"

"Hapana, mwalimu."

"Shuka chini, chumba cha mwisho kushoto. Mwambie msimamizi nimekutuma. Nenda, dada yako bado yupo yupo."

Ndani, dada alisema, "Hapana, Nukta, kaa hapo." Lakini alisema bila kupaza sauti, na Saini alikuwa amesimama katikati. Nukta alitazama juu, akaona mtu mzima, mwalimu, anayetabasamu. Akashuka.

Mifupa ilikuwepo kweli. Msimamizi wa maabara, mzee mwenye koti jeupe, alimwandikisha kwenye daftari la wageni, jina na saa, kisha akamwonyesha mfupa wa paja na ule mdogo kuliko yote, wa ndani ya sikio. Nukta alisahau saa. Alipopanda tena ghorofani, kitabu kilikuwa kimesukumwa koridoni na mlango umefungwa. Alibonyeza kitasa. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani, kiti kilianguka.

Alibisha hodi mara moja.

"Subiri, mwanangu," sauti ya Saini ikajibu. "Tunamalizia."

Nukta alisubiri, kwa sababu aliambiwa asubiri. Baada ya muda ambao hakuupima, ufunguo ulizungushwa, na dada akatoka bila ripoti, blauzi yake imechanika begani. Alitembea mpaka nyumbani, akaingia bafuni, akafungulia maji.

Mama alisimamisha cherehani. "Kuna nini? Nukta, wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Muda wote?"

Nukta alimtazama mama usoni, kisha akatazama mkono wake, ule uliojua kuchapa. "Muda wote."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama."

Uongo ule ulikuwa mfupi, na Nukta alidhani ungeishia pale kwenye cherehani.

Haukuishia. Asubuhi iliyofuata dada alimweleza mama kila kitu, kisha akaenda kwenye dawati la jinsia la chuo, akaandika maelezo ya kurasa tatu. Aliandika kwamba mhadhiri alimwondoa mdogo wake, akafunga mlango kwa ufunguo, akamwambia kuwa ripoti imefeli na kwamba ipo njia ya kuifaulisha. Alipokataa, mhadhiri alimshika mkono na kumvuta nguo. Dada alishika meza, akapiga kelele, kiti kikaanguka, hodi ikabishwa. Hakuficha pia kwamba mdogo wake alimwambia mama alikaa mlangoni na hakuona kitu. Saini, alipopewa nakala, naye aliandika, nusu ukurasa tu: mlango ulikuwa wazi, mdogo wa mlalamikaji, msichana mwenye akili timamu, alikaa mlangoni muda wote, aulizwe.

Akaulizwa. Msimamizi wa dawati, mwanamke wa makamo aliyevaa saa kubwa ya kiume, alikuja nyumbani na kuketi kwenye kiti cha wateja. Aliuliza taratibu, bila kutisha. Lakini mama alikuwa amekaa pale pale, na Nukta alikuwa amekwisha kumwambia mama jambo moja. Sasa angesemaje jingine mbele ya mgeni?

"Nilikuwa mlangoni," alisema. "Mlango ulikuwa wazi."

Mgeni aliandika, akamsomea alichoandika, akamuuliza kama ni sahihi. Nukta aliitikia kwa kichwa.

Mgeni alipoondoka, dada alitoka chumbani. Hakupaza sauti. "Nukta, nilikusikia ukibisha hodi."

Nukta alihesabu vifungo mkononi.

"Nilikusikia," dada alirudia, akarudi chumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, na kila moja ilizidi ya jana. Barua ilikuja kwamba kikao cha nidhamu kingekaa Ijumaa ya wiki ya tatu. Saini aliomba, kama lalamiko lisipothibitika, mlalamikaji afukuzwe kwa kumchafulia jina. Wasichana wa zamu walinyamaza. Kila mmoja alikuwa na alama zake mikononi mwa mtu yule. Wavulana wawili wa darasa walimkuta dada kwenye lango la chuo. "Umepata ziro, sasa unatafuta wa kumsingizia," mmoja alisema. Mteja mmoja alikuja kuchukua sare, akamwambia mama, kana kwamba anamwonea huruma, "Watoto wa kike wa siku hizi, mama, tuwaangalie mavazi." Mama alimhesabia sare zake, akazifunga, na tangu siku hiyo hakumshonea tena.

Dada aliacha kula mchana. Kisha akaacha kwenda darasani. Siku ya kumi na sita, saa tisa alasiri, alitoka chumbani na katoni ya vitabu, akaiweka chini karibu na cherehani.

"Mama, nifundishe kukata kola."

"Kola za nini? Una mtihani mwezi ujao."

"Sina mtihani. Kesho watanifukuza. Ndugu yangu wa damu amesema mlango ulikuwa wazi. Nani ataniamini mimi? Nifundishe tu kukata kola."

Mama alisogeza kitambaa upande. Alichukua mkasi, akampa. Hilo ndilo lililomshinda Nukta. Alikuwa amesubiri siku zote hizo mtu mzima fulani ajue ukweli kwa njia zake, bila yeye. Sasa aliona dada akishika mkasi vibaya, dole gumba mahali pasipo pake, na akaelewa kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na ukweli huo isipokuwa yeye.

"Sikuwa mlangoni," alisema.

Mama aligeuka kwenye cherehani.

"Ulikuwa wapi?"

"Chini. Kwenye mifupa. Mwalimu alinituma. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nilibisha, akasema nisubiri, nikasubiri." Alikuwa akilia sasa, lakini maneno yalitoka moja moja, yakieleweka. "Niliogopa utanichapa."

Mkono wa mama ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani na haukuondoka hapo. "Vaa viatu," alisema mwishowe. "Ofisi zinafungwa saa kumi."

Walifika zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Msimamizi wa dawati alikuwa tayari amebeba mkoba. Alimsikiliza Nukta akiwa amesimama, kisha akaweka mkoba chini, akaketi, akachukua karatasi mpya.

"Rudia polepole. Nani alikuambia ushuke?"

"Mwalimu."

"Maneno yake?"

Nukta aliyakumbuka yote, mpaka lile la mtu mzima aliyesimama ndani ya kabati la kioo.

"Kule chini nani alikuona?"

"Mzee wa koti jeupe. Aliniandika kwenye daftari la wageni."

Kalamu ilisimama. "Aliandika na saa?"

"Kuingia na kutoka."

Msimamizi aliinua simu. Baada ya dakika chache mzee wa koti jeupe aliingia na daftari kwapani, akalifungua mezani. Jumatano ile palikuwa na mgeni mmoja tu. Ameingia saa nane na dakika kumi na mbili. Ametoka saa nane na dakika thelathini. Kwenye nafasi ya aliyemtuma, mzee alikuwa ameandika jina kamili la mhadhiri.

"Mtoto alikuwa na maswali mazuri," mzee alisema. Kisha akatazama uso wa mama, akalisukuma daftari kwa msimamizi.

Siku ya kikao, Nukta hakuitwa ndani. Maelezo yake mapya yalisomwa pamoja na yale ya zamani, na sababu ya kuyabadilisha. Mwenyekiti alimuuliza Saini: kama mtoto alikaa mlangoni muda wote, nani alikuwa kwenye chumba cha mifupa kwa dakika kumi na nane? Saini alisema hakumbuki. Habari hiyo ilivuka korido haraka kuliko barua. Kabla ya saa sita mchana wasichana wanne wa zamu walibisha mlango wa kikao, wakiwa na daftari lao mkononi: miezi kumi na moja ya majina, siku na saa. Watatu kati yao nao walikuwa na la kueleza.

Saini alifukuzwa kazi, na faili lake likapelekwa polisi. Ripoti ya dada ilisahihishwa na mhadhiri mwingine, ikapata alama sabini na moja. Idara iliagizwa kurudisha ripoti zote, za wavulana na wasichana, kwenye dirisha moja la ofisi ya karani, na kila mlango wa ofisi ya mhadhiri ukawekwa kioo. Hayo ndiyo yaliyoweza kurekebishwa. Dada alikuwa amepitwa na vipindi vingi. Ilibidi arudie muhula mzima, darasa moja na waliokuwa nyuma yake. Kwa muda mrefu hakuweza kukaa chumbani bila kuuona mlango.

Wiki moja baada ya kikao, msimamizi wa dawati alikuja tena nyumbani. Mara hii hakutoa karatasi. Nukta alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu Jumatano ile.

"Kama nisingeshuka, yule mwalimu asingefanya lolote. Si ndiyo?"

"Siku hiyo, labda. Angesubiri siku nyingine." Mwanamke alivuta kiti karibu. "Sikiliza, kuna mambo mawili, usiyachanganye. Kuondoka mlangoni si kosa lako. Mtu mzima aliyekutuma alijua anachofanya, wewe hukujua. Na kulinda mlango ule haikuwa kazi ya mtoto, wala ya dada yako, wala ya wenzake. Ilikuwa kazi yetu. Nilipita kwenye korido ile karibu kila wiki. Niliwaona wasichana kwenye benchi, wawili wawili, nikadhani wanapumzika. Sikuuliza. Hilo ni langu, na nitaishi nalo."

"Na la pili?"

"La pili ni lako. Ulisema uongo kwa kuogopa kuchapwa, na uongo huo ukawa silaha ya mtu mwingine. Dada yako alikaa nao siku kumi na sita. Ulipousahihisha ulifanya vizuri, tena ilihitaji moyo. Lakini mtu anapoumizwa, aliyeona aseme alichoona, siku ile ile, hata kama yeye mwenyewe ana kosa ndani yake. Kosa lako dogo litasameheka. Ukilificha, kubwa la mwingine linajificha nyuma yake."

Mama, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema, "Na mimi nimesikia. Mtoto akiogopa mkono wangu kuliko mtu kama yule, basi mkono wangu una kasoro."

Mgeni alipokwenda, Nukta alimfuata dada yake uani, alikokuwa akianika nguo. Alisimama nyuma yake mpaka beseni lilipobaki na shuka moja.

"Dada, bado una kinyongo na mimi?"

Dada alikung'uta shuka, akalitandaza kwenye kamba, akafikiri kabla ya kujibu, kama alivyofanya siku zote alipoulizwa jambo la kweli.

"Ninacho," alisema. "Kinapungua. Ungenyamaza, ningekuwa nacho mpaka uzeeni."