Kompyuta Iliyosema Karibu

"Usinidanganye, Baba Kasuku! Nimeisikia sauti yako ikisema 'karibu, pita.' Umemkaribisha nani?"

"Sijamkaribisha mtu. Nilikuwa bafuni. Huoni povu kichwani?"

"Povu nalo ni ushahidi?"

Fundi akacheka, akamvuta mkewe hadi chumba cha kazi. Alikuwa mtu wa shughuli tatu. Asubuhi alihariri video za harusi za wateja, jioni alikuwa kanisani na kwaya na spika zake mbovu, na katikati, akipata upenyo, alichokonoa kompyuta aliyoiunda kwa vipuri vya kompyuta zilizokufa. Kutwa alivaa hedifoni, wageni wakabisha mpaka wakachoka. Basi akafunga maiki mlangoni na kuifundisha kompyuta kwamba mtu akipiga hodi, ijibu kwa sauti yake: "Karibu, pita."

"Kumbe mashine," mkewe akasema. "Na aliyepiga hodi?"

Wakachungulia. Barazani hapakuwa na mtu wala kandambili.

"Waya umelegea tu. Nikitoka kwaya nitautazama."

"Mshika mbili moja humponyoka, mume wangu. Wewe umeshika tatu."

Jioni ile harufu ya nywele zilizoungua iliingia ndani, na hata madirisha yalipofunguliwa haikutoka. Kiti cha chumba cha kazi kikalia kama kimekaliwa. Kesho yake binti yao, waliyemwita Kasuku kwa sababu aliongea hata usingizini, akaamka bila sauti. Midomo ilicheza, hakuna kilichotoka. Daktari akamulika koo, akasema ni zima kabisa.

Lakini sauti ilikuwepo. Mchana kweupe, mtoto akiwa amelala mapajani mwa mama yake, waliisikia nyuma ya mlango wa chumba cha kazi ikiimba nyimbo za kwaya kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ikinyamaza, ikicheka kile kicheko chake cha kukatika katika, huku kiti kikizunguka taratibu na kompyuta, ambayo Fundi alikwisha kuichomoa kwenye umeme, ikinguruma.

Wakamwita Mama wa Maombi kutoka kanisani. Aliingia peke yake na Biblia, akatoka ameshika kiuno.

"Mliniambia mna jini. Hamkuniambia mlimkaribisha! Kila nikimkemea ananijibu alipiga hodi, akaitikiwa."

"Sasa nifanyeje, Mama?" Fundi akanong'ona.

"Mgeni ni wako, utamuaga wewe. Lakini nisikilize, mwanangu. Kwanza mdai sauti ya mtoto. Akishairudisha, ndipo umwambie kwaheri. Ukitanguliza kwaheri ataondoka na alichonacho, nami sitakuwa na la kufanya. Na hiyo simu izime."

"Kuna bwana harusi anangoja video yake, na kwaya nao..."

"Izime!" mkewe akasema, machozi yakimtoka.

Akaitumbukiza mfukoni. Hakuizima.

Wakaingia wote, mama amembeba Kasuku. Harufu iliwakaba koo, na mbele yao kile kiti kilichokuwa kitupu kikawageukia polepole kama mwenye nyumba anavyowageukia waliomwingilia bila kubisha, na mto wa kiti ukabonyea, ukabonyea zaidi, mpaka wakaona wazi alama ya mapaja ya mtu mzito.

"Mgeni," Fundi akaanza, "nimekuja kuku... nakudai..."

Simu ikalia.

Mkono ukaenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka. "Bosi, nitakupigia. Nina mgeni hapa. Haya, kwaheri."

Mama wa Maombi akajiziba mdomo.

"Umesema nini?" mkewe akauliza kwa sauti ndogo. "Baba Kasuku, umesema nini?"

Mto wa kiti ukainuka. Harufu ikawapita, baridi, ikawagusa mashavu, ikashika njia ya sebuleni.

"Sikukuambia wewe!" Fundi akapiga kelele, akaikimbilia. "Rudi! Sikukuambia wewe!"

Mtoto akafungua kinywa, shingo ikamtoka mishipa. Kimya. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, na pale kizingitini, kwa adabu ile ile aliyofundishwa na mama yake, sauti ya Kasuku ikasema, "Asante kwa kunikaribisha, baba. Kwaheri ya kuonana."