Anayegonga Njia Panda ya Rongo

Nilimwibia marehemu njia yake ya kwenda nyumbani. Nimeshalisema hilo kwa Mungu nikiwa nimepiga magoti, na leo nakwambia wewe kwa sababu nina ombi nitakalolitoa mwishoni.

Naitwa Joash, fundi wa magari hapa Migori. Mwaka wa tisini na sita mzee Mwikwabe aliniletea Datsun yake, pikapu ya zamani ya buluu iliyopauka, kuukuu kuliko Maroa, kifungua mimba wake. Miaka yote alikuwa ameitumia kubebea tumbaku kutoka Ukurya, na fundi mwingine alikuwa ameiongezea vyuma vya springi huko nyuma, kimoja juu ya kingine, mpaka ikasimama matako juu kama mdudu anayetaka kuuma. Ikiwa na magunia ilitulia. Ikiwa tupu ilirusha kila kitu.

Sasa mzigo haukuwa tumbaku tena. Mke wake, Phelesia, alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa mgongo. Hakuweza kuketi. Kila wiki alipelekwa hospitali Kisii akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, na kila shimo la barabara lilimtoa machozi. Daktari alikuwa amesema atampasua na huenda atatembea, mradi afike akiwa na nguvu zake.

"Ishushe, fundi," Mwikwabe aliniambia. "Ikae chini, ilegee, kama ng'ombe aliyekubali kukamuliwa."

Phelesia akasema kutoka kwenye godoro kwamba Baba Maroa ametafuta cha kukamua maisha yake yote, na sasa amebaki na Datsun. Tukacheka wote watatu. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani tungekomea pale.

Nilipotoa vile vyuma vya ziada nilikuta chuma kikuu, kile kinachobeba uzito wote, kina ufa. Nilihitaji springi nyingine, laini, za gari kama lile, na nilijua zilipo. Kwenye uwanja wa jirani yangu Kerosi palilala Datsun yake ya kubeba abiria. Ilikuwa imepinduka wiki ile nje ya mji, na kijana aliyepanda nyuma akafa. Aliitwa Wangwe, mtu wa Homa Bay. Mwili ulikwisha kwenda kwao. Lakini Kerosi alikuwa amenionya nisiguse hata nati moja mpaka Jumapili ipite, kwa sababu mama wa kijana alikuwa anakuja kusimama penye gari lile, amwite mwanawe kwa jina na kumchukua. Wajaluo wa huku hufanya hivyo mtu akifia njiani. Wanasema mwili unaweza kwenda na mwenyewe akabaki palepale, akingoja kuitwa.

Mimi ni Msabato. Tumefundishwa kwamba aliyekufa amelala, hangoji gari. Tena ilikuwa Ijumaa, jua limeshainama, nami nilitaka kumaliza kazi kabla Sabato haijaingia. Kerosi alikuwa ametoka. Nikamwagia nati mafuta ya taa, nikafungua, nikazibeba zile springi begani. Kerosi nilimwambia wezi walipita. Mwikwabe nilimwambia nimezitoa Kisii.

Na kazi ilitoka vizuri, hilo sitaficha. Nilipolegeza jeki, Datsun ilishuka nyuma polepole ikatulia, sawa kushoto na kulia. Phelesia alisukumwa ndani na godoro lake bila kuinuliwa hata kidogo. Akanibariki kwa jina la Bwana. Nikaitikia amina.

Jumatatu asubuhi Mwikwabe alirudi akasema gari limelala upande mmoja. Nilitazama. Kweli, nyuma kulia ilikuwa imeinama, kama mtu mzima ameketi juu ya ukingo wa bodi, pale juu ya gurudumu, ambapo vijana hupenda kukaa. Ndani hakukuwa na kitu. Nilipanda nikakanyaga upande ule na kuruka ili springi iamke. Haikuamka. Palikuwa na harufu ya omena na ya nguo iliyolowa. Nikamuuliza kama amebeba samaki. Akasema samaki wa nini, na mgonjwa analala humo?

Alhamisi ile walikwenda Kisii. Walipoikaribia njia panda ya Rongo, pale barabara ya Homa Bay inapokatia kushoto, Mwikwabe alisikia kebini ikigongwa juu, mara mbili, jinsi abiria wa nyuma anavyomwambia dereva amefika. Akasimama, akaenda kumuuliza mkewe kama anaumwa.

"Si mimi," Phelesia alisema kwa sauti ya chini. "Ni huyu."

Mwikwabe akafikiri ni dawa zinazomchanganya. Akaondoa gari. Na hapo kugonga kukaanza tena, si mara mbili sasa, bali mfululizo, kwa kiganja, kisha kwa ngumi, bati likitetemeka juu ya kichwa cha mzee, kila walipozidi kuiacha njia panda ile ndivyo lilivyopigwa zaidi, na nyuma akasikia miguu ikikimbia kutoka mwisho wa bodi hadi mbele na kurudi, juu ya godoro, juu ya mgonjwa wake aliyelala hapo hawezi kugeuka, naye anaogopa kusimama na anaogopa kutosimama, mpaka taa za hospitali zilipoonekana na kukawa kimya, ila harufu ya ziwa.

Ikawa hivyo kila safari. Phelesia akaanza kukonda. Alimweleza mumewe kwamba yule mtu akichoka kugonga huketi juu ya miguu yake, kwa kuwa hapana nafasi nyingine, na ni mzito na wa baridi. Mchungaji aliombea gari. Mwanzoni Phelesia alikuwa akilia kwa hofu. Baadaye alianza kumhurumia, na hilo ndilo lililomtisha Mwikwabe kuliko yote. Mkewe alisema ni kijana tu, huuliza jambo moja: je, tumepita?

Mzee akaniomba nirudishe springi za zamani. Hazikuwapo, nilikwisha kuzipeleka kwa wahunzi wakafua mapanga. Siku ile walikuwa wanakwenda kwenye upasuaji wenyewe, nikasema nitapanda nyuma nisikilize. Nilijiambia ni nati imelegea.

Ilikuwa mchana, jua kali. Niliketi karibu na kichwa cha Phelesia. Tulipoikaribia Rongo godoro lilididimia kwenye miguu yake, taratibu, likabaki na shimo la makalio ya mtu. Kisha uzito ukainuka, shimo likajaa, na juu ya kebini, karibu kabisa na sikio langu, bati likabonyea mara mbili. Sikuona mkono. Niliona bati likibonyea.

Nikapiga kelele Mwikwabe asimame. Nikawaambia yote pale kando ya lami: springi, Ijumaa, Wangwe, uongo wangu. Mzee hakunipiga. Alisema tu, "Ulimketisha mtu juu ya mke wangu."

Phelesia akaniuliza kwao ni wapi. Nikasema Homa Bay, karibu na ziwa.

"Basi tumpeleke."

Mwikwabe akamkumbusha daktari anangoja.

"Hata huyu anangoja, Baba Maroa. Kata kona."

Tulipokata kushoto, kugonga kulikoma. Tulipita mji wa Rodi, tukauliza njia, tukafika kwenye boma la mama yake Wangwe, aliyeitwa Kezia. Alitoka jikoni na mikono yenye unga. Aliitazama Datsun, akaona ilivyoinama kulia, na hakuuliza sisi ni nani. Alikwenda upande ule akaweka kiganja juu ya ukingo wa bodi.

"Wangwe, wuoda, mwanangu," alisema, kama mama anayemwamsha mwanawe. "Bi dala. Njoo nyumbani, tumefika."

Springi zikalia. Upande wa kulia ukainuka polepole, kama kitanda mtu anapoamka. Kezia alitembea hadi mlango wa nyumba yake bila kugeuka nyuma, akaufungua wazi, akasogea kando kidogo, kisha akaingia.

Alipotoka alimletea Phelesia maji. Halafu akaniambia mimi, "Jumapili ile nilimwita mpaka sauti ikakatika. Hakuja. Tulikuwa tumegombana siku aliyoondoka. Nimekaa hapa nikijua amenikataa."

Nilitaka kusema samahani. Badala yake nikainama kukagua springi.

Tuligeuza kuelekea Kisii. Gari lilikwenda laini, kama nilivyokuwa nimeahidi. Nilikaa mbele, sikuwa na uso wa kumtazama Phelesia. Tulipofika Rongo Mwikwabe alisimama mwenyewe, akaenda nyuma kumwangalia. Phelesia alikuwa ameshakata roho. Miguu yake alikuwa ameinyoosha.

Walimzika nyumbani kwake. Wiki ilipokwisha, Datsun ikalala tena. Safari hii ni kushoto, upande ambao godoro lake lilitandikwa. Kila Mwikwabe anapolikaribia lango lake, kebini hugongwa, kwa vidole tu, polepole, jinsi mkewe alivyokuwa akimwita kula. Mzee hasimami. Hupita lango, hufika hadi Isebania mpakani, hugeuza, hupita tena. Nimempa springi mpya bure, amekataa. Nimemwomba afungue mlango wa nyuma amwite jina. Aliniambia, "Akishuka, nitabaki na nani?"

Mchungaji wangu anasema ni jini linaloiga sauti za wafu. Huenda. Mimi nimeacha kubishana juu ya wafu.

Mzee hanisikilizi mimi, na ana haki. Lakini wewe hukumkosea. Ukiiona Datsun yake barabarani, ni ya buluu, tupu, imelala nyuma kushoto. Msimamishe huyo mzee, umsalimie vizuri. Mwambie akigongewa, asimame.