Sipangishi Watu wa Msaada

Solange Thibodeau alikuwa anamenya viazi, redio inaimba. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi hapa Montréal, jiji la jimbo la Quebec nchini Kanada, kilikuwa kimefungwa. Sasa yeye na binti yake Maryse waliishi kwa msaada wa serikali. Kodi ya nyumba alilipa bila kuchelewa. Lakini nyumba waliyopanga iliuzwa, wakatakiwa kuhama, na Julai mosi, siku ambayo mikataba ya upangaji huisha na jiji zima huhama, ilikaribia.

Wakaenda kuangalia nyumba mtaa wa Fullum. Jiko lilijaa jua.

"Mama, kitanda changu hapa!" Maryse alisema.

"Unafanya kazi wapi?" aliuliza mwenye nyumba, Bwana Lacasse.

"Kwa sasa napata msaada wa serikali."

Lacasse akafungua mlango wa nje. "Sipangishi watu wa msaada. Usinipotezee muda, mama."

Huguette, jirani yao, alikuwa mtu wa kamati inayotetea wapangaji. Alimwona Solange kwenye ngazi aliporudi nyumbani.

"Shoga, mbona uso hivyo?"

Solange akamweleza. "Lakini nyumba ni yake. Nitafanyaje?"

"Nyumba yake, sheria si yake! Hapa Quebec, sheria ya haki za binadamu inakataza kumbagua mtu kwa hali yake ya maisha. Umaskini umo humo, pamoja na rangi na dini. Anaweza kuuliza kama unalipa kodi vizuri. Hawezi kukukataa kwa sababu tu pesa yako ni ya msaada."

"Hata mimi naweza kushtaki?"

"Wewe hasa! Ngoja."

Huguette akapiga namba ya kwenye tangazo la nyumba, akaweka simu kwa sauti ya juu. "Bwana Lacasse? Ile nyumba bado ipo? Mimi ni mwajiriwa, nina mshahara."

"Ipo! Njoo hata sasa hivi!"

Solange alisikia kila neno. "Twende!" alisema.

Walikwenda Tume ya Haki za Binadamu. Hawakulipa chochote. Tume ikachunguza, ikamwita Lacasse apatane na Solange. Akacheka, akakataa. Basi Tume ikaipeleka kesi kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu. Ilichukua muda mrefu. Julai mosi ilifika, Solange na Maryse wakahamia kwa dada wa Solange, wakalala sebuleni.

Siku ya kesi, Solange alivaa koti la Huguette. Hakimu alimgeukia Lacasse.

"Ulimuuliza mama huyu kama hulipa kodi?"

"Sikumuuliza."

"Ulimpigia mwenye nyumba wake wa zamani?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje kwamba hatalipa?"

"Watu wa msaada wanajulikana, mheshimiwa."

Watu wakaguna. Maryse akaminya mkono wa mama yake kwa nguvu.

Hukumu ikaja: "Hukumkataa kwa jambo alilofanya. Ulimkataa kwa sababu ni maskini. Huo ni ubaguzi." Lacasse akaamriwa kumlipa fidia.

"Tumeshinda!" Huguette alipiga kelele mpaka mlinzi akamnyamazisha, huku naye akicheka.

Julai iliyofuata, Solange alipata nyumba ya ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba mpya aliuliza jambo moja tu: je, hulipa kodi kwa wakati? Majirani wakapandisha friji kwenye ngazi ya nje, wakitaniana na kutokwa jasho.

Jioni, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alipanda akihema.

"Samahani, dada. Wewe ndiye yule mama aliyeshinda kesi? Mimi nimekataliwa leo."

Solange akavuta kiti.

"Keti, mwenzangu. Hebu niambie, alikuambia maneno gani hasa?"