Uso wa Mama Nshuti

Kila asubuhi, kwenye kilima chao huko Masisi, Mukantabana, mama wa Nshuti, alipasha maziwa ya kutengeneza jibini. Mume wake, Constantin, alikuwa malishoni na ng'ombe. Aliposikia pikipiki ya Lévi, mnunuzi wa jibini, alishuka mbio hadi nyumbani.

Na kila aliposhuka, aliona mashavu na pua ya mke wake, mwenye ngozi ya maji ya kunde, vimewaka wekundu. Roho ilimuuma. Alidhani uso huo unawaka kwa ajili ya Lévi. Siku moja akashindwa kunyamaza.

“Mama Nshuti, uso inakuwakaka juu ya nani?”

Mukantabana alisema uso unamchoma tu, na vipele vimetoka. Krimu aliyonunua sokoni ilimtuliza kidogo, kisha ikazidisha. Constantin hakusadiki. Alimwambia arudi kwao.

Mukantabana alikuwa akifunga nguo zake huku analia wakati jirani yao Athanasie, muuguzi, alipokuja kununua maziwa. Athanasie alimgusa shavu, akauliza linachoma wakati gani.

“Karibu na sufuria. Kwa jua. Nikikula pilipili.”

“Na kama Lévi hayuko?” Constantin akadakia.

“Hata hapo. Wewe uko kwa ng'ombe, haunionake.”

Constantin alizikumbuka asubuhi zake. Ni kweli, kwa muda mrefu hakuwahi kushuka kabla ya pikipiki kulia.

“Papa Nshuti, iko ugonjwa ya ngozi, rosasea,” Athanasie alisema. “Haiambukize, na haitoke ku uchafu. Kwa ngozi nyeusi sana, wekundu hauonekane muzuri. Muntu anasikia moto tu.”

Akaeleza kwamba hauishi kabisa, ila unatulia. Mukantabana anawe kwa maji ya baridi kidogo, bila kusugua. Avae kofia pana, na akae mbali na mvuke. Aende kituo cha afya apewe dawa, na aonyeshwe namna ya kuacha ile krimu polepole, maana ikiachwa ghafla ngozi huwaka zaidi. Macho yakianza kuchoma, asikawie kurudi kituoni.

Constantin alifungua furushi la nguo za mke wake kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo alishika yeye mwiko wa kukorogea maziwa, na mke akapeleka ng'ombe malishoni mapema, kabla jua halijawa kali.

Baada ya wiki kadhaa vipele vilikauka na moto ukapungua. Lévi alipofika, alimkuta Constantin ameinamia sufuria, jasho linamtoka.

“Papa Nshuti, leo ni wewe uso inawaka.”

Mukantabana, chini ya kofia yake, alitabasamu.

“Muulize,” akasema, “inawaka juu ya nani.”